Nusu ya Tao

Mwanzoni mwa mwaka ule Taasisi ya Upimaji wa Vyuma iliufuta umbali. Tangazo lilikuwa rasmi, lilipigwa mihuri miwili, na lilibandikwa ukutani kati ya ndoo ya mchanga wa kuzimia moto na onyo la kutooshea vikombe kwenye sinki la kunawia mikono. Lilisema kwamba kuanzia tarehe hiyo matawi yote ya Taasisi yameunganishwa kwa mtandao na yatahesabiwa kuwa chumba kimoja. Kwamba mtumishi wa tawi lolote ni jirani wa mtumishi wa tawi lingine lolote. Na kwamba, kwa hiyo, umbali hautakubaliwa tena kuwa sababu ya jambo lolote kuchelewa, kukosekana au kuhuzunisha. Neno hilo la mwisho huenda aliliongeza mchapaji. Lakini mhuri mmoja ulipigwa juu yake, na mhuri haujui mchapaji.

Kwa kuwa umbali ulikuwa umefutwa, hapakuwa na ubaya wowote kuing'oa mashine ya kuvunjia vyuma kutoka chini ya jengo na kuipeleka tawi la mbali kuliko yote, jirani na kiwanda cha kuyeyushia chuma. Mashine ikafunguliwa vipandevipande, ikapakiwa kwenye lori. Pamoja nayo akapakiwa mtu aliyeijua. Tangazo halikumtaja, wala halikutaja kwamba mkewe alikuwa na meza yake ghorofani, katika jengo lilelile.

Mke huyo ofisini aliitwa Bi Nusu. Hakuzaliwa na jina hilo, na wala hakulichukia.

Kazi yake ilikuwa kuvunja vitu ambavyo havijajengwa. Mtu akitaka kusimamisha tangi la maji, au ndoano ya kuinulia makontena, alimletea michoro. Yeye alikijenga kitu hicho ndani ya kompyuta, akakigawa vijipande vilivyoshikana kama matundu ya wavu, akakitwika mzigo, kisha akasubiri. Kompyuta ilijumlisha: kila kijipande kikimsukuma jirani yake, jirani akimlalamikia jirani, malalamiko yakisafiri mpaka mahali fulani pakawa pekundu kwenye kioo. Hapo ndipo patakapopasuka. Bi Nusu aliandika barua kusema waongeze unene pale, na kitu ambacho kingewaangukia watu hakikuwaangukia, na watu hao hawakuwahi kujua kwamba wana deni la shukrani kwa mtu yeyote.

Kompyuta ya tawi ilikuwa kuukuu na ilichoka upesi. Kwa hiyo alitumia ujanja ambao watu wa kazi hii hufundishwa mapema. Kitu kikiwa na pande mbili zinazofanana, hakuna haja ya kukijenga chote. Unajenga upande mmoja, na pale katikati penye mkato unaiambia kompyuta: upande wa pili unafanya hivihivi. Kompyuta haibishi. Hesabu inapungua, jibu ni lilelile, na unawahi nyumbani. Bi Nusu aliupenda ujanja huu kupita wenzake wote. Walisema hata chungwa akilionja kipande kimoja hutia sahihi kwamba lote ni tamu.

Zamani, kabla umbali haujafutwa, mumewe alikuwa chini ya miguu yake.

Naye alikuwa na jina la kazini: Mvunjaji. Alichukua kipande cha chuma kilichochongwa kama mfupa, chembamba katikati na kinene kwenye ncha, akakibana juu na chini, akaiwasha mashine, na mashine ikakivuta. Chuma kizuri hakikatiki kwa pupa. Kwanza hukubali, kisha hurefuka, kisha hupata kiuno, ndipo kikaachia kwa mlio. Mlio huo ulipanda nguzoni ukafika ghorofani, ukatikisa chai kwenye kikombe cha Bi Nusu, na yeye akajua: hicho ni cha leo asubuhi. Baadaye Mvunjaji alimpandishia tarakimu, naye akailisha kompyuta. Jioni waliondoka pamoja. Mtu akiwauliza wanafanya kazi gani, mume alisema, "Tunavunja vitu. Mimi kweli, yeye kwa kudhania," na mke alisema, "Lakini vyake haviungiki, vyangu vinaungika," na hakuna kati yao aliyechoka kuurudia utani huo, jambo ambalo ni dalili ya ndoa nzuri au ya upungufu wa utani.

Sasa chini palikuwa na stoo ya viti vibovu. Lori likipita barabarani na sakafu ikatetemeka, Bi Nusu aliinua kichwa kabla hajajizuia. Kisha alijifanya anatazama saa.

Kilichobaki ni mistari. Kila chuma kilichovunjwa kule mbali kilimfikia kwa mtandao kikiwa mstari kwenye kioo: unapanda wima, unajipinda, unatambaa kama mtu anayeamua jambo, unakatika. Pale chini mstari unapoanzia, mistari ya mumewe ilikuwa na kijipindo kidogo, kwa sababu Mvunjaji hakukaza vibano mpaka mwisho. Aliacha mzunguko mmoja wa mkono, akasema chuma nacho kinataka kuvuta pumzi. Kanuni ya kazi ilitaka kijipindo hicho kiondolewe, kwani si tabia ya chuma bali ni ulegevu wa mshikaji. Bi Nusu alikiondoa, kama kanuni inavyotaka. Ila alikitazama kwanza, kwa muda ambao kanuni haikuutaja.

Na Jumamosi walipigiana simu.

"Uko vipi?"

"Mzima. Wewe?"

"Kama wewe tu."

"Basi vizuri."

Baada ya hapo walizungumza bei ya vitu, afya ya ndugu, na mfereji wa jikoni uliokuwa ukivuja. Kisha simu ilikatwa, na yeye akabaki ameishika kama mtu aliyepewa mzigo wa mwenyewe asiyerudi. Alitaka kumwambia: rudi. Alilitamani neno hilo lilivyo fupi. Lakini alijua jinsi linavyouma upande wake, akakisia kwamba upande wa pili linauma hivyohivyo, na akaona si ungwana kumtwika mtu aliyekwisha kulemewa. Kwa hiyo alisema mfereji umepona.

Nyumbani aliishi na wifi yake, dada mdogo wa Mvunjaji, msusi, aliyekuwa akisukia wateja sebuleni na kupokea habari za mtaa mzima bila kutoka nje. Wifi hakuwa na subira na ukimya.

"Wifi, hebu niambie," alimwambia siku moja huku kidole chake kikitenganisha nywele za mteja. "Kaka yangu umemwoa au umemweka benki?"

"Nimeolewa na kazi yake. Yeye alikuja nayo kama zawadi."

"Haya, cheka. Asiyekuwapo na lake halipo. Mimi mume wangu angekaa mbali hivyo ningekuwa nimeshamfuata, nikamkuta, nikamtukana, nikarudi naye."

"Wewe huna mume."

"Ndiyo maana. Wanaume wamesikia."

Mteja akacheka mpaka msusi akapoteza mstari. Bi Nusu akaenda jikoni. Kitandani alilala upande wake uleule, ukutani, na upande wa mlangoni aliuacha umetandikwa. Wifi aliwahi kuliona hilo na, kwa mara ya kwanza katika maisha yake, hakusema kitu.

Mwaka wa tatu ilikuja kazi ya soko. Manispaa ilitaka paa la chuma lenye umbo la tao, lianzie upande mmoja wa soko na kutua upande wa pili bila nguzo katikati, ili wauzaji wasigombanie kivuli cha nguzo. Lilikuwa tao zuri, jembamba, mabega yake mawili yamefanana kama mapacha. Bi Nusu alilijenga nusu. Akalitwika mzigo, likakaa imara. Akaongeza, likazama kidogo kwa adabu. Jibu likatoka: tao litabeba mzigo wake na ziada ya kutosha. Akatia sahihi.

Mkuu wa tawi alikuwa mtu mwema aliyependa mabango. Aliitazama picha ya kazi hiyo, akaigeuza, akaitazama tena.

"Dada, hii nusu nitaipeleka wapi? Manispaa wanataka bango la kutundika sokoni. Wakiona nusu watasema hela zimeliwa njiani."

"Nitaiakisi, Mkuu. Kompyuta ina kioo chake. Nusu inajitazama, inakuwa tao zima."

"Uliakisi la tangi, likaonekana mshono. Watu wakauliza kama limekwisha pasuka. Nataka tao zima, lililoungana, lenye rangi."

"Rangi gani?"

"Zozote. Za matumaini."

Basi kwa ajili ya bango, wala si kwa ajili ya usalama wa mtu yeyote, Bi Nusu alilijenga tao zima. Alichagua siku ambayo ofisi nzima ilikuwa ukumbini kumuaga dereva anayestaafu, ili kompyuta isigombaniwe. Kama kazi hiyo inavyotaka, alilitia kasoro ndogo ya unene wa unywele, kwa kuwa hakuna chuma duniani kilichonyooka kabisa. Akalitwika ule mzigo wa kwanza. Akaenda kuchukua chai. Aliporudi, tao lilikuwa limelala.

Halikuwa limezama. Lilikuwa limelala ubavu kama mlevi: bega la kushoto chini, bega la kulia juu. Mzigo uliolilaza haukufika hata nusu ya ule alioutilia sahihi.

Akajua amekosea mahali. Akakagua kila kitu, akairudia kazi yote, kasoro akaiweka upande wa pili. Safari hii bega la kulia likazama, la kushoto likainuka. Kutoka ukumbini vilisikika vigelegele. Dereva alikuwa amepewa saa ya ukutani.

Jambo lenyewe Bi Nusu alilijua. Alifundishwa, akalifanyia mtihani, akapasi. Tao likishindwa haliketi chini kwa heshima, mabega mawili kwa pamoja. Moja huzama na jingine huinuka, na kila hili linapoinuka ndipo lile linapopata nafasi ya kuzama zaidi. Nusu iliyokatwa katikati haiwezi kukuonyesha hivyo hata ukiitazama mwaka mzima, kwa sababu imekwisha kuambiwa kwamba mwenzake anazama pamoja nayo. Haikudanganya. Iliamini ilichoambiwa. Na yeye, kwa mazoea, ndiye aliyeiambia.

Alikwenda kwa Mkuu, akamkuta bado ana keki mkononi.

"Mkuu, tao la soko haliwezi kwenda. Nilifanya nusu. Zima linalala upande."

Mkuu akatafuna taratibu. "Na ile nusu?"

"Ile nusu iko salama."

"Basi si turudi kwenye ile nusu?"

"Mkuu, watajenga lote."

Akaitafakari hoja hiyo. Alikuwa mtu wa mabango lakini hakuwa mtu wa kuua watu. "Dawa yake?"

"Liongezwe unene mabegani, au livutwe kwa vyuma vya mshazari. Nitaandika leo. Na sahihi ya kwanza niifute mimi mwenyewe."

"Andika," alisema Mkuu. "Lakini lile lililolala, rangi zake ni nzuri."

Aliandika. Manispaa ilinung'unika, ikakubali vyuma vya mshazari, na mambo yakaisha kwa upande wa soko.

Kwa upande wa Bi Nusu hayakuisha. Alikuwa anamenya viazi jikoni, sebuleni wifi anamsuka mtu na kumsengenya mwingine, ndipo lilipomjia lile la kwamba upande wa pili unafanya hivihivi. Aliona aibu. Mume si paa la soko. Lakini mpishi hufikiri kwa chumvi na mshonaji kwa uzi, na yeye hakuwa na chombo kingine cha kufikiria. Nusu yake aliijua, kila tundu la wavu wake: sakafu inayotetemeka, upande wa kitanda uliotandikwa, simu iliyokatwa. Nusu ile nyingine hakuwahi kuijenga. Miaka yote ilikuwa ni yake mwenyewe, imejitazama kiooni.

Akaosha mikono, akachukua simu. Haikuwa Jumamosi.

"Nani amekufa?" sauti ya mumewe iliuliza kabla ya salamu.

"Hakuna aliyekufa."

"Basi dada anaumwa."

"Dada yako yuko hapo sebuleni, mdomo mzima kuliko mwili. Nimekupigia kukuuliza uko vipi."

"Kama we..."

"Mimi siko vizuri," alisema Bi Nusu. "Usiseme kama mimi."

 Upande wa pili kilisikika kitu cha chuma kikiwekwa mezani.

"Tangu lini?"

"Tangu lori lilipokunja kona."

"Na hukusema."

"Nilidhani unajua. Nilidhani kwako ni hivyohivyo, nikasema nikinyamaza nitakuwa nimekupunguzia."

"Mke wangu," alisema Mvunjaji, polepole, kama anayekaza kibano. "Mimi kila nikikupigia sauti yako iko juu. Umepandishwa cheo. Mfereji umepona. Dada ananiambia, mkeo anang'aa kama sufuria mpya. Nikasema, basi huyu amezoea. Anapanda. Nikimwambia mimi huku nazama, nitamvuta."

"Dada yako aliniona lini niking'aa?"

"Mimi najua? Wewe ndiye unayekaa naye." Akakohoa. "Mwaka jana waliniuliza, nirudi au nibaki."

Bi Nusu akaketi juu ya ndoo. "Ukasemaje?"

"Nilikuuliza wewe kwanza. Hukumbuki? Nikakuuliza, nikikaa huku zaidi utaweza? Ukasema, wewe kaa tu, sisi hapa hatuna neno."

Alikumbuka. Alikuwa amesimama kando ya kitanda, mkono wake mmoja juu ya mto wa mumewe, na alilisema neno lile kwa sauti ya juu kabisa aliyokuwa nayo, ili lisivunjike njiani.

"Na kazi?" aliuliza, kwa kuwa alihitaji kuuliza kitu kilicho rahisi. "Angalau kazi ipo. Kila wiki naona mistari inaingia."

Kile chuma kikainuliwa mezani, kikawekwa tena.

"Hiyo," alisema Mvunjaji, "hakuna aliyeiagiza."

"Vipi hakuna?"

"Tangu kiangazi kilichopita hakuna anayeleta chuma kuvunjwa. Wanasema hesabu zenu zinatosha. Mimi huku nafuta vumbi mashine. Kiwandani wanatupa mabaki nje ya geti. Naokota, nachonga, navunja, nakutumia."

"Kwa nini?"

"Nikutumie nini kingine?"

Sebuleni mteja aliuliza kama kuna mtu analia huko jikoni, na wifi akasikika akijibu kwamba ni viazi, viazi vya siku hizi ni vikali kama vitunguu.

Mistari ile Bi Nusu alikuwa ameiingiza yote kwenye majedwali ya Taasisi, baada ya kuondoa kijipindo. Kosa halikuwamo, chuma ni chuma hata kikiokotwa getini. Na katika taarifa ya mwaka Mkuu wa tawi alikuwa ameandika, kwa fahari, kwamba kazi ya upimaji imeongezeka maradufu tangu kuunganishwa kwa matawi.

Asubuhi alikwenda kuomba likizo.

"Likizo ya kufanya nini?" aliuliza Mkuu.

"Kumwona mume wangu. Kama watamrudisha, nirudi naye. Wasipomrudisha, nijue la kufanya nikiwa nimekaa karibu naye."

"Lakini si mko wote kwenye mtandao? Washa kamera, mwone."

"Namwona, Mkuu. Nataka kumkuta."

Mkuu akatafuta mahali pa kuweka neno hilo kwenye utaratibu, hakupaona, akatia sahihi. Alikuwa mwema, alimpa siku zote zilizobaki za mwaka ule. Siku za njiani hakuweza kumwongezea, ingawa alisema binafsi angependa. Alimwonyesha kipengele chenyewe. Safari kati ya matawi haikuwa na siku za njiani, kwa kuwa mtumishi anayetoka tawi moja kwenda jingine anahesabiwa kuwa hajatoka chumbani.

Wifi alimfungia mkate na mayai ya kuchemsha, akamsindikiza mpaka behewani, akamwelekeza maneno ya kumtukania kaka yake, mengine ya kusema papo hapo na mengine ya kuweka akiba.

Treni ilifika kituo cha mwisho jioni ya siku ya pili. Kutoka hapo kulikuwa na basi, nalo liliondoka kesho yake.